Usiku Anabweka, Mchana Anacheza

BARUA

Shikamoo Dokta.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Makambako, mkoani Njombe. Naandika nikiwa sijalala usiku wa pili mfululizo, kwa hiyo nikichanganya maneno unisamehe.

Mwanangu wa pili ni wa kiume, ana mwaka mmoja na miezi 10. Jumatatu aliamka na mafua, kamasi nyepesi, analialia lakini anakula. Sikushtuka, maana huku kwetu mwezi wa saba hakuna mtoto asiye na kamasi. Jumanne jioni sauti ikaanza kukauka. Akiniita "mama" inatoka kama ya mzee. Nikamchua kifua, nikamvalisha sweta mbili, tukalala.

Saa nane usiku nikashtuliwa na kikohozi ambacho sijawahi kukisikia kwa mtoto. Dokta, mwanangu alikuwa anabweka. Mwanzoni nilidhani ni mbwa wa jirani. Akimaliza kukohoa anavuta pumzi, na pumzi ikiingia inalia kama bawaba ya mlango iliyokauka mafuta. Macho yamemtoka, amening'ang'ania shingoni. Pale chini ya koo, kwenye kishimo cha katikati, palikuwa panabonyea kila akivuta.

Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, akasema ni kifua kimembana, tumpigishe nyungu. Akachemsha maji ya mchaichai na majani ya mkaratusi, tukajifunika blanketi watatu: yeye, mimi na mtoto. Mtoto alipiga kelele akarusha mguu, sufuria ikapinduka. Mungu saidia maji yalimwagikia kwenye mkeka. Hapo nikasema basi, nikampigia kijana wa bodaboda.

Tulikwenda kama dakika 20 na baridi ile unayoijua. Cha ajabu, tulipofika kituo cha afya mtoto ametulia tuli. Pumzi haisikiki. Mhudumu aliyekuwa zamu akamwekea kipimo juu ya sweta, akasikiliza kidogo, akasema, "Mama, mtoto mzima huyu. Ni mafua tu, umetuamsha bure." Akaniandikia dawa ya unga ya kuchanganya na maji na dawa nyekundu ya kikohozi. Asubuhi nikazinunua duka la dawa, shilingi 9,000.

Jumatano mchana kutwa alikuwa anafukuza kuku kwa fimbo. Majirani wakanicheka. Usiku, saa saba, ikaanza tena. Safari hii si kwa nguvu ile, ila ilimrudia mara tatu mpaka alfajiri.

Sasa mama mkwe amekata shauri kwamba ni kimeo. Anasema kimerefuka, ndicho kinachomziba, na watoto wa wifi yangu wote walikatwa wakapona. Kuna fundi wake, anakuja mtaa wa pili kila Jumamosi. Mume wangu ni dereva wa lori, yuko njiani kwenda Zambia. Nikimpigia anasema, "Msikilize mama, amelea watoto saba." Mimi naogopa, lakini pia naogopa kuonekana mjuaji nyumbani kwa watu.

Naomba unisaidie. Je, hiki ni kimeo, au ni pumu? Ikianza tena usiku nifanye nini? Na hizi dawa niendelee nazo? Nikuambie pia kwamba usiku tunaingiza jiko la mkaa chumbani kwa sababu ya baridi, ila tunasubiri ukolee kwanza usitoe moshi. Chanjo zake zote amepata isipokuwa ile ya mwaka na nusu, maana wakati ule ndio tulikuwa tunahamia huku.

Mama wa wawili, Makambako


JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Ujumbe wako niliujibu kwa ufupi Alhamisi ileile, kwa kuwa mambo ya pumzi hayasubiri safu. Nilikuambia umrudishe mtoto siku hiyohiyo akapimwe upya hata kama anafukuza kuku, kwa sababu ya kile kishimo ulichokiona kikibonyea. Sasa naandika kwa kirefu, kwa ajili yako, kwa mama mkwe, na kwa wengine ambao nao wamewahi kuamshwa na mbwa asiyekuwepo.

Unaniita Dokta, nashukuru, ila mimi ni tabibu tu. Nimezeekea wodi ya watoto.

Nianze na Jumamosi, maana ndiyo iliyo karibu. Msiende kwa fundi. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo, na kila mtoto anacho, mgonjwa na mzima. Akikohoa sana kinavimba kidogo na kuwa chekundu, kama pua inavyokuwa nyekundu kwa kufutwa kamasi. Bibi akimulika tochi akakiona hivyo, hajakosea alichokiona. Amekosea kudhani ndicho chanzo. Sauti uliyoieleza haitoki pale. Inatoka chini zaidi, mahali ambapo kisu cha fundi hakifiki, na heri hakifiki. Watoto waliokatwa wakapona wangepona vilevile, kwa sababu kikohozi cha namna hii huisha chenyewe baada ya siku chache, na sifa akachukua fundi. Nimewapokea wodini ambao hawakubahatika: damu isiyokata kwenye koo la mtoto wa miaka miwili, vidonda vilivyooza, pepopunda. Kisu kikipita kutoka kinywa hiki kwenda kinywa kile kinaweza kubeba hata virusi vya UKIMWI. Na mtoto ambaye njia yake ya hewa tayari imebana, ukamkata kooni, utaongeza uvimbe juu ya uvimbe.

Sijamshika mwanao, lakini uliyoyaandika ni kama umenichorea picha. Mafua siku moja au mbili, sauti kukauka, kisha usiku kikohozi cha kubweka na pumzi inayolia wakati wa KUINGIA. Ugonjwa huu kitaalamu unaitwa krupu. Huwapata zaidi watoto wa miezi 6 hadi miaka 3, na husababishwa na virusi, hasa wa jamii ya parainfluenza, ambao kwa mtu mzima kama wewe wangeleta mafua na sauti ya kukwaruza basi. Kwa mtoto wanavimbisha koromeo na sehemu ya juu ya bomba la hewa, chini kidogo ya nyuzi za sauti. Pale ndipo bomba la mtoto lilipo jembamba kuliko kwingine kote, milimita chache tu.

Chukua mrija wa juisi unyonye. Sasa uminye kwa vidole mpaka ubaki nusu ya upana wake, unyonye tena. Kwenye bomba la hewa, upana ukipungua nusu, ugumu wa kupitisha hewa hauongezeki mara mbili, unapanda mara 16 hivi. Ndiyo maana uvimbe ambao wewe usingeuhisi unamfanya mtoto avute kwa shingo na mbavu. Na ndiyo maana kilio ni adui: akilia anavuta kwa kasi, na bomba laini la mtoto likivutwa kwa kasi linajikunja ndani na kubana zaidi.

Kwa nini usiku anabweka na mchana anacheza? Ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyo. Usiku wa pili na wa tatu ndio huwa mbaya, mchana mtoto anakupumbaza. Majirani wanaokucheka hawajauona saa nane.

Na mbona alitulia barabarani? Wazazi wengi duniani wameliona hili: mtoto anatolewa nje kwenye baridi, akifika hospitali hana sauti. Hewa ya baridi inaelekea kupunguza uvimbe wa koromeo kwa muda. Juu ya hilo alikuwa kifuani kwako, hakuna blanketi usoni, hakuna sufuria, hakuna anayemkimbiza. Bodaboda ilimpa dozi ya kwanza kabla ya mhudumu. Mhudumu naye alipaswa kujua hivyo. Kipimo hakiwekwi juu ya sweta mbili, na mama aliyekuja saa nane usiku na mtoto haambiwi ameamsha watu bure. Hilo nalisema kama mtu wa kazi hiyohiyo, na nimeona aibu kulisoma.

Nyungu sasa. Tangu mwaka 2020, wakati wa Uviko, nyungu imeingia kila nyumba na sitaki ugomvi na watu wazima wanaojifukiza. Lakini kwa krupu mvuke umepimwa na haukuonekana kusaidia, na mtoto mwenye hofu chini ya blanketi na sufuria ya maji ya moto ni ajali inayosubiri mguu mmoja. Kwenu mguu ulirushwa, mkanusurika. Wodi ya majeraha ya moto ina watoto ambao mkeka haukuwa upande ule.

Nataka ujifunze mambo mawili ambayo yatakufaa usiku ujao na miaka ijayo: kusikiliza na kuhesabu.

Kusikiliza kunafanywa mtoto akiwa ametulia au amelala. Weka kiganja tumboni kwake. Tumbo likipanda, pumzi inaingia, likishuka, inatoka. Halafu jiulize sauti inakuja lini. Ikija wakati wa kuingia, kavu, ya kukwaruza, kizuizi kiko juu, kooni, kama kwa mwanao. Ikija wakati wa kutoka, kama mluzi mwembamba, kizuizi kiko chini, kwenye vijibomba vya mapafu, na hapo ndipo tunafikiria pumu, au kwa watoto wadogo uvimbe wa vijibomba unaoletwa na virusi. Kama ni kukoroma kwa majimaji kunakobadilika ukimsafisha pua, ni kamasi tu. Kuguna kila anapotoa pumzi, "nh, nh, nh", ni ishara ya mapafu yanayoelemewa, usisubiri asubuhi. Kwa hiyo, swali lako la pumu: kwa ulivyoeleza, hapana, sauti iko upande mwingine.

Halafu, jambo kubwa: je, sauti ile ya kuvuta inasikika hata akiwa ametulia mapajani, halii, hakohoi? Ikisikika tu anapolia au kukimbia, krupu ni nyepesi. Ikisikika akiwa ametulia, ni ya hospitali, usiku huohuo. Sisi wahudumu tunafundishwa kwamba sauti hiyo kwa mtoto aliyetulia ni dalili ya hatari, iwe ana homa au hana.

Kuhesabu: fungua kifua chote, sweta juu, ukiwa na simu yenye saa. Hesabu tumbo linavyopanda kwa dakika 1 nzima, si nusu dakika mara mbili, maana watoto hawapumui kwa mpangilio. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Kwa wa miezi 2 hadi 11, ni 50. Chini ya miezi 2, ni 60. Kama ana homa, ipoze kwanza kisha uhesabu tena. Ukiwa umefungua hivyo hivyo, tazama chini ya mbavu na kile kishimo cha kooni. Vikibonyea kila pumzi, mtoto anafanya kazi ambayo hawezi kuifanya usiku kucha.

Na simu hiyo ina kazi nyingine. Mrekodi. Sekunde 30 zinatosha: kifua wazi, taa ya kutosha, sauti isikike. Ukifika kituoni mtoto akiwa "mzima", toa video. Sijui mhudumu atakayeitazama video ya kishimo kinachobonyea kisha akasema ni mafua tu. Nilikuwa na mama mmoja wa Ludewa aliyekuja na rekodi kwenye simu ya tochi, hakuna picha, sauti peke yake, na ilitosha.

Ikianza tena usiku, mnyanyue, mkae wima, mgongo wake kifuani kwako au uso begani, vyovyote anavyopenda yeye. Usimlaze chali kwa nguvu. Usimfungue mdomo kwa kijiko kutafuta kimeo. Ongea naye kwa sauti ya chini, hata kama wewe mwenyewe unatetemeka. Mwimbie kile anachokijua. Mvalishe vizuri, mfunike mwili na si uso, mtoe barazani au umsimamishe dirishani apate hewa ya baridi kwa dakika 10 hivi. Akitulia, mpe maji kidogo kidogo au ziwa kama bado ananyonya. Asipotulia ndani ya muda huo, ondoka.

Usimalize hata dakika hizo 10 ukiona haya: midomo au ulimi umekuwa wa bluu au kijivu, anatoa udenda na hawezi kumeza, hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea, hataki kuangalia watu, au alikuwa anahangaika na ghafla amenyamaza huku kifua bado kinabonyea. Hili la mwisho linawadanganya wengi, hata sisi. Sauti ikipungua kwa sababu mtoto amepata nafuu, uso wake unakuambia. Ikipungua kwa sababu amechoka kuvuta, uso pia unakuambia.

Kwa hiyo andaa mchana. Namba za bodaboda mbili, si moja. Nauli kando. Kadi ya kliniki ndani ya begi. Na uliza mapema, ukiwa na akili timamu, ni kituo gani karibu nanyi chenye hewa ya oksijeni na mashine ya kupulizia dawa usiku, maana si kila zahanati inayo, na kupita mlango wa kwanza kwenda wa pili saa tisa usiku ni kupoteza muda.

Hospitalini, dawa ya krupu ni deksamethasoni, dozi moja ya kunywa inayopimwa kwa uzito wake. Haihitaji sindano kama anaweza kumeza. Huanza kupunguza uvimbe ndani ya saa chache na hukaa mwilini muda wa kutosha kumvusha usiku mbaya. Ni dawa ya bei ndogo na ya zamani, na hata krupu nyepesi inafaidika nayo. Usiende kuinunua mwenyewe dukani ukamkadiria, maana ni ya jamii ya steroidi, dawa zenye nguvu za kushusha uvimbe. Iombe kwa jina lake kwa anayempima. Akiwa amebanwa sana, watampulizia adrenalini kwa mashine ya mvuke. Hiyo hufanya kazi haraka, unaweza kumwona akifunguka ndani ya nusu saa, lakini nguvu yake hudumu kama saa 2 tu. Wakikuambia mbaki hata kama amechangamka, bakini. Watambana pia kidoleni kwa kile kipimo cha taa; oksijeni ikisoma chini ya 90, atawekewa hewa.

Dawa ulizonunua. Ile ya unga ni antibiotiki, inaua bakteria. Krupu ni ya virusi, haisikii. Kama asingekuwa ameianza ningesema usianze. Kwa kuwa ameshaanza, rudi nayo, chupa mkononi, anayempima upya mapafu aamue: kama hakuna nimonia, hana kazi nayo. Ile nyekundu ya kikohozi iweke kabatini, au afadhali itupe. Dawa za kikohozi za maji kwa watoto wa umri huu hazijaonyesha faida, baadhi zina vitu vya kulaza usingizi, na mtoto anayepigania pumzi hatakiwi kulazwa na dawa. Wengine mtakumbuka mwaka 2022 huko Gambia, makumi ya watoto walikufa figo zikiwa zimefeli, na dawa za maji za kikohozi zilizochanganyika na kemikali za sumu ndizo zilizohusishwa. Sisemi chupa yako ni ya namna hiyo. Nasema kwa dawa isiyo na faida, hata hatari ndogo ni kubwa.

Kwa homa mpe parasetamoli kwa uzito wake, isizidi mara 4 ndani ya saa 24. Aspirini hapana kabisa. Kwa kukauka koo, nusu kijiko cha chai cha asali kinafaa kwa sababu ameshapita mwaka. Wa chini ya mwaka asali hapewi, inaweza kumpa sumu ya bakteria. Puani, maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha robo lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, matone mawili matatu kila tundu. Na kwa wale watakaokuambia kijiko cha mafuta ya taa, wakatalie bila adabu. Mafuta ya taa yakiteleza kwenda mapafuni yanaleta nimonia ambayo hakuna antibiotiki inayoikimbilia.

Jiko la mkaa. Mwanangu, hapa ndipo niliposoma mara mbili. "Tunasubiri ukolee usitoe moshi." Mkaa uliokolea ndio muuaji mkimya, kwa sababu moshi ungewaamsha na ile hewa ya sumu haina harufu wala rangi. Watu wanne wanalala mlango umefungwa, asubuhi wanakutwa wamekufa. Njombe na Mbeya kila msimu wa baridi hatukosi kusikia. Jiko halikuleta krupu, ila linamwongezea mtoto ukali kooni, na ninyi wote linawatafuta. Litoeni leo. Mtoto alale katikati yenu, soksi, kofia, blanketi la ziada.

Uliniambia mafua yalianza Jumatatu, na hilo lilinipa amani, kwa sababu yupo mtoto mwingine anayepumua kwa sauti ambaye hadithi yake haianzi na mafua. Huyo alikuwa mzima, anakula karanga au anachezea punje za mahindi na shanga, akapaliwa ghafla, akakohoa mpaka akabadilika, kisha akabaki na sauti. Hata kama baadaye ametulia, kitu kimeingia. Huyo ni wa hospitali kubwa, hata kama ni wiki moja imepita. Yupo pia mwenye homa kali, amekaa ameinama mbele, udenda unamtoka, habweki. Kwake kile kifuniko cha juu ya koromeo ndicho kimevimba, na usimguse koo hata kwa kidole. Siku hizi tunamwona kwa nadra, kwa sababu bakteria wa Hib aliyekuwa akimleta yumo kwenye chanjo ya pentavalenti, ile moja yenye kinga tano, ambayo Tanzania inaitoa tangu 2009. Mwanao anayo, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Na yupo anayekohoa mfululizo bila kupumzika mpaka anatapika, mwisho anavuta pumzi kwa mlio: hicho ni kifaduro.

Mama mkwe umpeleke vipi? Usimwambie amekosea. Mwambie, "Mama, tabibu ameagiza tuhesabu pumzi, mimi naona vibaya usiku, unishikie tochi na unisomee saa." Mpe kazi. Aliyelea saba ana jicho, anachokosa ni namba. Akiona mwenyewe kishimo kikibonyea huku kimeo kiko palepale hakijagusa kitu, utakuwa huna haja ya kubishana. Na ile video mtumie baba yake huko njiani, aisikilize akiwa peke yake kwenye lori, ndipo muongee habari za fundi.

Siku ya Jumamosi, kabla sijafunga jibu hili, uliniandikia tena. Mtoto alipewa dozi moja Alhamisi jioni, usiku ule alikohoa mara mbili, akalala. Bibi ndiye aliyehesabu: pumzi 32 kwa dakika.

Bado ile chanjo ya miezi 18, ya surua na rubela. Surua nayo huvimbisha koromeo, na krupu yake ni mbaya kuliko hii. Kikohozi kidogo kilichobaki hakizuii kuchanjwa. Jumatatu mpeleke kliniki, kadi mkononi, na bibi aende naye.